Usiku Mmoja Ziwani Kitengela

Kutoka Moyale hadi Kitengela nilisafiri juu ya ng'ombe. Lori lilikuwa na vyuma vya kushikilia turubai, na sisi abiria tuliketi juu ya vyuma hivyo kama kuku waliopanda kulala, miguu ikining'inia juu ya pembe. Ukisinzia, ng'ombe alikuamsha. Kufikia Marsabit sikuwa nikihisi makalio, na kufikia Isiolo vumbi lilikuwa limetufanya sote kabila moja. Mwenye mifugo, bwana mmoja wa Wajir aliyevaa kofia safi ya kushangaza, aliketi mbele na dereva. Kila tuliposimama alishuka akakagua ng'ombe, kisha akatukagua sisi kwa jicho lile lile.

Nilikuwa nimekusudia kwenda Kajiado kwa sababu sikuwa nimewahi kufika Kajiado. Sababu zangu za kusafiri siku hizo zilikuwa za aina hiyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajaribu kazi tatu, na kila moja ilikuwa nzuri mpaka nilipoizoea. Lakini ng'ombe waliteremshwa Kitengela, na dereva akasema safari imeisha. Nilipokanyaga chini miguu ilikataa, nikaanguka mbele ya karakana ya kutengeneza mageti. Fundi aliyekuwa akichomelea aliinua miwani yake myeusi akaja kuniinua.

"Pole, bro. Umetoka wapi hivi?"

"Moyale."

"Na kabla ya Moyale?"

"Lodwar. Kabla ya hapo Kitale. Kabla ya hapo Homa Bay."

Aliniangalia upya. "Ngai! Kwa hivyo umeona maji."

"Maji gani?"

"Maji. Kubwa. Yenye huoni mwisho."

Nikamwambia nimeyaona, na kwamba Mombasa nimevuka kivuko cha Likoni mara mbili, kwenda na kurudi. Fundi alizima mashine. "Mungu ndiye amekuleta," alisema, akaniagizia chai.

Huyu fundi alikuwa mtu wa Murang'a. Alikuwa hajawahi kuona maji yanayozidi mto wa kwao, ambao ng'ombe huuvuka bila kulowa tumbo. Lakini ukutani mwa karakana alikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya Mzungu amelala kwenye boti ndogo katikati ya visiwa vya kijani, kofia usoni, peke yake. Mwaka wa kalenda ulikuwa umepita zamani. Aliiacha pale, akaitazama kila siku, na mwisho ikamwingia akilini.

Bado asingefanya lolote kama si ile mvua kubwa ya mwishoni mwa miaka ya tisini, ambayo Kenya nzima inaikumbuka kwa jina lake la kigeni. Nyuma ya mtaa wa Noonkopir kulikuwa na timbo la mawe ya kujengea, shimo pana lililochimbwa kwa miaka. Mvua ilipokwisha timbo lilikuwa limejaa. Sehemu ambazo wachimbaji walikuwa wameziacha kwa sababu mawe yake yalikuwa na nyufa sasa zilisimama katikati ya maji, tatu, zimeota nyasi juu. Kwenye moja kulikuwa na mbuzi. Hakuna aliyejua alifikaje pale.

Watu wa Kitengela waliliona hilo kama hasara. Fundi aliona kalenda.

Alinipeleka kuona boti yake siku ile ile, kabla sijaoga. Ilikuwa mapipa ya mafuta yaliyofungwa chini ya fremu ya chuma, mbao juu, paa la turubai, na kuzunguka pande zote ukuta wa chuma kama wa uani. Ubavuni kulikuwa na geti. Geti kamili, lenye maua ya chuma, simba wawili, komeo na kufuli.

"Geti ni ya nini?" niliuliza.

"Utalala aje mahali haina geti?"

"Kwa maji?"

"Fisi wako hapa," alisema. "Na mimi sijasikia mtu akisema fisi hajui kuogelea."

Basi, lililobaki lilikuwa idhini, na hapo ndipo roho ya fundi ilipokuwa imening'inia. Timbo lilikuwa la mzee mmoja Mmaasai aliyeishi juu ya kilima. Wanawe wawili walitaka maji yanyonywe yote ili uchimbaji urudi. Fundi alitaka ziwa libaki. Chuma chake chote kilikuwa kwenye boti ile, hata kile cha geti lililoagizwa na kanisa, na wazee wa kanisa walikuwa wameanza kumuuliza. Mzee alimsikiliza, akafikiria siku kadhaa, kisha akatoa uamuzi: nyumba haijulikani mpaka mgeni alale ndani. Atafutwe mgeni, asiwe ndugu ya fundi wala mtu wa Kitengela, alale kwenye boti. Asubuhi mzee atakuja apewe habari, na kwa habari hizo ataamua.

Fundi alikuwa ametafuta mgeni wa namna hiyo kwa muda mrefu. Aliowapata wote walikuwa na wake waliokataa.

"Wewe uko na bibi?" aliniuliza.

"Sina."

"Watoto? Mama mzazi ako karibu?"

"Ako mbali sana."

"Poa kabisa," alisema, kwa furaha ambayo haikunifurahisha.

Tuliondoka jioni iliyofuata na chapati, thermosi mbili za chai na blanketi. Fundi alifunga geti, akatia kufuli, akaweka ufunguo kwenye soksi. Tulipiga makasia kwa makoleo ya kuchotea kokoto. Kwa vile mimi ndiye mgeni hakutaka nishike koleo, lakini mtu mmoja akipiga koleo boti ilizunguka mahali pamoja kama mbwa anayetaka kulala. Ikabidi mgeni afanye kazi.

Alikuwa amejiandaa kunielezea mandhari. "Kushoto ni kisiwa," alitangaza.

"Na kulia?"

"Kulia ni choo ya wafanyakazi. Usiangalie."

Kuvizunguka visiwa vyote vitatu kulichukua muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Sasa tulikuwa na usiku mzima. Tukavizunguka tena. Fundi akanielezea kisiwa kile kile kwa maneno mapya. Mara ya kwanza tulipopita mbuzi alitukimbia. Baadaye alisimama akatutazama. Mwishowe tulizunguka mpaka akatuzoea, akalala chini, na tulipopita hakuinua hata kichwa.

"Mzungu kwa kalenda alikuwa anafanya nini usiku wote?" fundi aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Alikuwa amelala."

"Na sisi tulale basi."

Tulifunga boti kwa kamba kwenye jiwe la kujengea, tukalitupa majini kando ya kisiwa cha pili. Palikuwa pazuri, lazima niseme. Vyura walipiga kelele, taa za viwanda vya Athi River ziliwaka mbali, na maji yaligonga mapipa taratibu, du, du. Nilikuwa nimelala vituo vya basi, msikitini, kanisani na juu ya ng'ombe, na sikukumbuka mahali palipokuwa pametulia hivyo. Nilikuwa nikielekea usingizini niliposikia injini ikinguruma ng'ambo.

"Ni nini hiyo?"

"Jenereta. Wako na kesha," fundi alisema, akajifunika. "Hawa watu wa maombi hawachoki."

Injini ilinguruma hadi nikazoea.

Asubuhi niliamka nikiwa nimebingirika hadi ukutani, chini ya simba wa geti. Fundi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, maana sakafu ilikuwa imeinama. Boti haikuwa ikielea. Ilikuwa imeketi juu ya ukingo wa jiwe ambao jana ulikuwa chini ya maji, na alama mbichi kwenye mwamba ilionyesha kwamba ziwa lilikuwa limepungua upana wa kiganja. Kiganja hicho ndicho tulichokihitaji. Fundi alisukuma kwa koleo, koleo likapinda.

"Nimekwisha," alisema. "Mzee anakuja."

Mzee alikuwa ameshakuja. Alisimama ukingoni kwa shuka nyekundu, fimbo begani, wanawe nyuma yake wakitutazama kwa furaha isiyofichika. Aliinua mkono akanisalimu kwa Kimaasai.

"Supa!"

"Ipa!" nilijibu.

"Umelala, mgeni?"

"Nimelala, mzee."

"Leta habari."

Fundi alininong'oneza, "Mwambie tumekwama! Walete kamba!"

Lakini nilikuwa nimesafiri na Wamaasai awali, na nilijua habari zao. Haziingiliwi katikati wala hazianzii mwisho. Unaanza ulipotoka na unapita kila mahali ulipopita, na msikilizaji anaitikia kila hatua ili ujue anatembea nawe. Ukiruka mahali, atadhani unamficha kitu.

"Tuliondoka jua likishuka," nilianza.

"Ee."

"Fundi akafunga geti."

"Ee. Na kufuli?"

"Na kufuli. Tukapita kisiwa cha kwanza."

"Ee."

"Tukala chapati."

"Ngapi?" aliuliza mwana mmoja. Mzee alimtazama tu.

"Tukapita kisiwa cha pili. Mbuzi akakimbia."

"Ee. Ako mzima?"

"Mzima, amenenepa."

Fundi alinivuta shati. "Wewe! Umefika wapi?"

"Bado ni jioni."

"Ngai, ua mimi."

Niliwapitisha raundi zote. Mzee aliitikia kila moja bila kuchoka, na wanawe wakaanza kubadilisha miguu. Hatimaye nikafika kwenye kulala, jiwe likitupwa, vyura, taa. "Halafu tukasikia injini," nilisema.

Mzee hakuitikia.

"Tukasikia injini," nikarudia. "Tukafikiri ni kesha. Ikanguruma muda mrefu. Tulipoamka, maji yalikuwa yameenda, na boti imekaa juu ya jiwe. Hizo ndizo habari."

Mzee aliangalia ile alama kwenye mwamba, kisha akaangalia upande wa pili wa timbo, ambapo matope yalikuwa na nyayo pana za lori.

"Hiyo injini si kesha," alisema taratibu. "Ni lori ya maji, ya kupeleka kwa nyumba za kupangisha. Wenye lori waliniuliza. Mimi nikasema wachukue usiku." Alikuna shavu kwa fimbo. "Ng'ombe hunywa mchana. Mimi nilifikiri boti ikilala haihitaji maji."

Nilimwona fundi akifungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Baba, hata hivyo imekwama," alisema mwana mkubwa. "Ulisema mgeni akikwama..."

"Nilisema habari," mzee alimkata. "Habari nimepata, na ziko sawa, hakuna mahali ameruka. Kama mtu akichukua nyasi usiku, utapiga ng'ombe kwa sababu amekonda? Ingieni maji. Sukumeni."

Wale vijana walivua viatu. Waliingia wakijiandaa kuzama, mikono juu, na maji yakawafika kiunoni yakaishia hapo. Mimi na fundi tulitazamana. Jioni yote tulikuwa tumezunguka juu ya kina kile kwa hofu. Wakasukuma, mapipa yakalia juu ya jiwe, boti ikarudi majini. Fundi alilia waziwazi, akijifanya ni moshi wa kuchomelea, ingawa moshi haukuwapo.

Tulipofika ukingoni mzee alisubiri afunguliwe geti kwa heshima, akaingia, akaketi. "Lori itakuja mchana tu," alisema, "boti ikiwa macho. Sasa nipeleke nione huyo mbuzi."

Ziwa likabaki. Jumapili watu walianza kuja, kwanza kucheka, halafu kupanda. Kanisa lilipata geti jingine. Mimi nilifika Kajiado mwezi uliofuata, nikala nyama, nikarudi, maana fundi alihitaji mtu wa koleo la pili. Nilikaa miaka, jambo ambalo sikuwa nimewahi kufanya mahali popote. Nilijua kila jiwe la visiwa vile, na nilielezea mandhari vizuri kuliko yeye. Wapenzi walipigwa picha kwenye geti. Kisha miaka ya elfu mbili ikaingia, harusi zikaanza, na siku moja fundi akaniletea kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu. "Nahodha," aliniita. "Wa kudumu." Nilipoivaa nilihisi kitu kikifungwa komeo.

Nilimwambia kwamba nitaondoka, akanuna siku mbili, kisha akasema alijua tangu nilipoanguka pale barabarani kwamba mimi ni mtu wa kuanguka mbele.

Niliondoka Jumamosi. Nilikuwa nimepata nafasi kwenye lori la vitunguu lililokuwa likirudi Loitokitok tupu, na lingepita kando ya timbo. Nilisimama nyuma, nikishikilia chuma, nikitaka kumpungia mkono. Lakini siku hiyo kulikuwa na bibi harusi, na wasimamizi walikuwa wakibishana kama keki ipite getini wima au kwa ubavu. Fundi alikuwa katikati yao ameinua keki yenye ghorofa tatu, uso umelowa jasho, akipiga kelele kwamba watu warudi nyuma. Aliniona. Akaitazama keki, akanitazama mimi, akakosa mkono wa kupunga.