Nilimwambia Mama Nimepiga Simu

Admin, naomba ufiche jina langu. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja miaka minne. Mama yangu anaamini ndugu zake walimfungia mlango kwa makusudi. Hawakumfungia. Kosa ni langu.

Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, sasa niko nyumbani Chanika, Handeni. Ni mtu wa aibu sana. Mgeni akija namsalimia kisha nakimbilia jikoni. Watu husema nina adabu, lakini mimi najua ni woga.

Baba ni Mzigua, fundi seremala, Muislamu. Mama ni Msambaa, kwao ni milimani juu ya Soni, na ni Wakristo. Alipobadili dini akaolewa na baba, kwao walikasirika, na miaka ishirini imepita hajarudi. Bibi yangu sijamwona hata kwa picha. Mwezi uliopita mama alipokwenda Korogwe kununua bidhaa anazouza, mwanamke mmoja anayeleta matunda sokoni huko alimpa namba ya mjomba pamoja na ujumbe: bibi anataka kumwona, ila apige simu kwanza, maana bibi ana presha na hawataki ashtuke.

Mama hakuweza kupiga mwenyewe. Aliniambia, "Mimi nitalia tu nishindwe kusema. Piga wewe, mwanangu. Wewe ni mjukuu, hawatakukatia. Waambie Jumamosi mimi na baba yako tunakuja."

Ijumaa niliandika kwenye karatasi namba ya mjomba na maneno yote ya kusema, kuanzia shikamoo. Nikaingiza namba, nikaitazama mpaka kioo kikazima. Nilifanya hivyo kama mara nne. Nikajiambia nitapiga nikimaliza kuosha vyombo. Mama akaingia.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

"Kasemaje?"

"Kasema karibuni."

Mama alikaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Baada ya kumwona vile sikuweza kumwambia ukweli. Nikajiambia nitapiga asubuhi kabla hawajaondoka. Asubuhi nikaogopa tena.

Baba alikuwa ameiosha pikipiki mpaka inang'aa. Mama alivaa suruali ndani ya gauni, akapakata begi lenye mchele na khanga mpya za bibi.

"Ukisinzia kwenye zile kona nakuacha huko huko kwenu," baba akamtania.

"Niache. Ukija kunichukua utatoa mahari upya."

Sijawahi kuwaona wakienda matembezi wawili tu. Niliwapungia mkono.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na baba. Kuanzia Mombo wanapanda mlima, mama alikuwa anamgonga begani kumwonyesha kila kitu: hapa tulikuwa tunachota maji, hapa nilianguka na kuni. Walipofika Soni aliomba wasimame anawe uso na kubadili khanga. Walipofika nyumbani kwao wakakuta kufuli mlangoni. Walikaa barazani mpaka jua likazama. Mama aliona aibu kwenda kuuliza kwa majirani, kwa sababu ingebidi aseme yeye ni nani. Mwanamke mmoja aliyepita na mzigo wa majani aliwaambia tu, "Wameondoka na gari alfajiri, wote."

Walilala gesti Soni, Jumapili wakapanda tena. Kufuli lilikuwa pale pale. Baba akamwambia ampigie kaka yake. Mama akajibu, "Nimwambie nini? Alijua nakuja." Akaifuta ile namba. Baba anasema njia nzima ya kurudi mama alikuwa ameegemeza kichwa mgongoni kwake, na shati lake lililowa.

Alipofika aliniuliza mara moja tu, "Kweli alisema karibuni?" Kabla sijajibu baba akasema, "Muache mtoto. Huyu hajawahi kutudanganya." Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, mama akiwa sokoni, nilipiga ile namba kutoka kwenye karatasi yangu. Mjomba alipojua mimi ni nani alisema kwa upole, "Mpwa wangu. Mbona mmechelewa hivyo kupiga?" Akanieleza kwamba Jumamosi ile alfajiri bibi alizidiwa, wakamteremsha hospitali Korogwe. Huenda walipishana na wazazi wangu barabarani. Akampa bibi simu. Bibi aliongea Kishambaa, sikuelewa, mjomba akanitafsiria: anauliza mama yako bado ni mwembamba?

Mjomba aliomba namba ya mama. Nikasema simu yake imeharibika, nitampa mimi ujumbe. Akasema, "Mwambie aje upesi. Sitaki kumtisha, lakini aje upesi."

Leo ni siku ya sita tangu niongee na mjomba. Bibi bado yuko wodini Korogwe, hata mwendo wa saa mbili kwa pikipiki haufiki. Jana nilijaribu kumwambia mama kwamba mjomba alipiga. Hakuniacha nimalize. "Mtu aliyekwambia karibuni halafu akafunga mlango, sina la kuongea naye. Mimi sina mama." Kisha akaendelea kuchambua mchele kama vile hajasema kitu. Nimeelewa kwamba hataenda mpaka ajue kwamba hakuna aliyemwambia karibuni, kwamba neno lile nililitunga mimi.

Kila siku najiambia leo nitasema, na namba ya mjomba ikiita naogopa kupokea nikidhani ni habari ya msiba. Nishaurini, ndugu zangu. Nianze na mama au nipitie kwa baba? Nimwambieje mtu niliyemuumiza hivi?

Na kama wewe unayesoma unakaa Chanika ukatutambua, au unauza karibu na mama sokoni, nakuomba sana umfiche. Usimwambie. Nataka asikie kutoka kwangu.