Klachi Iliyoteleza Mchana

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakimiminika kutoka ng'ambo, nilikuwa fundi mkuu wa karakana ndogo ya magari ya shirika lililopeleka maji kambini, mjini Kigoma. Nilitoka Njombe na cheti changu, na kiburi cha kutosha kugawia mtaa mzima.

Dereva wa pikapu ya kwenda kambini alikuwa mzee wa Kirundi, aliyeingia nchini zamani akiwa kijana. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia kibali cha kuishi mjini, mtaa wa Gungu, na familia yake. Akifukuzwa, kibali kinakufa, na wote wanahamia kwenye mahema.

"Fundi, klachi inateleza," aliniambia. "Mlimani injini inalia, gari halipandi."

Kupima klachi si uganga. Asubuhi niliweka mawe kwenye matairi, nikavuta hendibreki, nikatia gia ya tatu, nikakanyaga mafuta kidogo huku nikiachia pedeli taratibu. Klachi nzima hushika, na injini huzimika. Iliyochoka huteleza, injini ikaendelea kunguruma. Hii ilizimika palepale. Nikamwambia gari halina ubovu. Alirudi na neno lilelile siku ya tatu, na wiki iliyofuata tena. Nikachoka, nikamwandikia mkuu wetu ripoti: dereva anaegemeza mguu kwenye pedeli na kuiunguza klachi. Mkuu akamtangazia kwamba Ijumaa ataachishwa kazi.

Ningeishia hapo, ila jambo moja liliniwasha. Kama mguu wake ndio unaoila klachi, mbona asubuhi inashika kama mpya? Jumatano nikapanda naye. Saa nane mchana, kwenye mlima wa pili, injini ikapiga kelele na gari likajikokota. Nikachungulia mguu wake wa kushoto. Ulikuwa sakafuni, mbali na pedeli. Halafu ikaja harufu. Klachi inayoungua hunuka kama mpira uliotupwa motoni, lakini hii ilinukia mapishi, kama mtu anakaanga vitunguu. Nilijikuta nameza mate.

Alhamisi asubuhi mimi na mzee tukashusha giaboksi. Pleti ya klachi ilikuwa bado nene, lakini kila kitu ndani kilikuwa na rangi ya chungwa. Nikachovya kidole, nikalamba. Mawese! Kwenye baridi ya asubuhi yaliganda na pleti ikashika. Injini ikipata moto yaliyeyuka, pleti ikateleza. Yalishukia kwenye tundu la kijiti cha gia sakafuni, yakafuata mgongo wa giaboksi, yakaingilia kwenye mpira wa kuzuia uchafu uliochanika ubavuni mwake. Nilifurahi kama mtoto aliyetegua kitendawili, mpaka nilipojiuliza mawese hayo ni ya nani.

Kila Jumatatu nilimpa mzee dumu la mawese ya Ujiji ampelekee mke wangu, mwalimu huko Kasulu, njiani kuelekea kambini. Mimi mwenyewe niliagiza likae karibu na gia lisianguke. Na kizibo nilichoweka kilikuwa gunzi lililozungushiwa nailoni, kama wafanyavyo watu wote wa huku.

"Mzee, ulijua?"

"Ego," alikubali kwa Kirundi. "Nililiona dumu linavuja."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mzigo wa fundi ndio unaoharibu gari, wewe ungeandika nini?"

 Aibu ilinipanda hadi masikioni, kwa sababu nilijua vizuri ningeandika nini.

Tukaiosha pleti kwa petroli, tukaipiga msasa, tukakata mpira mpya kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Tulipomaliza kufunga tukalizungusha gari mpaka injini ikapata moto, nikapima. Injini ikazimika. Mzee akanawa mikono, akaniaga, akaenda zake bila kuuliza habari ya kesho. Nikaenda kwa mkuu na ripoti nyingine. Penye chanzo cha ubovu niliandika: mawese ya fundi mkuu. Aliisoma mara mbili, akaichana ile ya kwanza, nami akaniandikia onyo.

Jioni nikaenda Gungu. Nyumba ilikuwa imeshafungwa mizigo. Masufuria yalikuwa ndani ya kitenge, majembe yamefungwa pamoja, na juu ya furushi kubwa kulikuwa na mkeka uliokazwa kwa kamba. Wajukuu walikuwa wamevaa viatu.

"Shikamoo, Mzee. Kazi ipo. Nimeandika kwamba kosa ni langu."

 Mke wa mzee akaenda kwenye furushi, akafungua kamba, akauchomoa mkeka na kunitandikia nikae.