Hina ya Alum Rock

Idarous alimficha dada yake kifo cha mama yao, kisha akawaambia watu wa Tanga kuwa dada ameambiwa na amekataa kurudi. Hilo ndilo kosa lenyewe, na litangulie kabla ya maneno mengine, maana Idarous ana ulimi wa asali na watu humsikiliza.

Dada mtu ni Mwanamkasi wa Ngamiani, Tanga, mjane, ambaye hakupelekwa shule kwa kuwa alihitajika nyumbani kumlea huyohuyo Idarous. Mama yao ndiye aliyekuwa akiosha maiti za kike pale mtaani, na Mwanamkasi akimmiminia maji. Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa baridi, Idarous alimwita Birmingham, Uingereza. Mkewe, Sikuzani, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, na kule hakuwa na mtu wa kumkanda wala kumfunga mkaja. Mama alikuwa mgonjwa-mgonjwa, lakini alisema, "Nenda ukamwangalie mzazi. Arobaini si mwaka. Na siku yangu ikifika, sitaki mkono mwingine wa kuniosha ila wako."

Akaenda. Laiti asingekwenda.

Nyumba ya Idarous ilikuwa mtaa wa Alum Rock, kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya maduka. Nyumba zote za matofali mekundu, zimeshikana ukuta kwa ukuta, hata siku ya kwanza Mwanamkasi alipotoka peke yake alirudi akagonga mlango wa watu. Jua lilichungulia likaondoka kama mgeni asiyekaribishwa. Maziwa yaliachwa nje mlangoni ndani ya chupa, wala hakuna aliyeyagusa. Ngamiani paka wangeyamaliza kabla ya alfajiri. Siku moja kwenye basi kondakta, mtu mzima mwenye mvi, alimwita mpenzi.

"Huyo humwita kila mtu hivyo, wifi," Sikuzani alisema akicheka. "Hata mimi na tumbo langu hili."

"Basi mkewe ana kazi."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Dukani kwa Mhindi mmoja, Chhotubhai, Mwanamkasi alipata pilipili manga ya uji wa mzazi, tangawizi, na hina. Alimkanda wifi yake kwa maji ya moto, akamfunga mkaja kwa nguvu mpaka Sikuzani akamwita askari jela. Kwa furaha ya mtoto alijipaka hina mikono yote miwili, na Idarous akampiga picha amempakata mtoto, meno yote nje.

Siku zilezile jirani yao wa ukuta mmoja alifariki. Mwanamkasi hakusikia kilio. Aliona tu gari refu jeusi likisimama, watu wachache wenye makoti, na mapazia yamefungwa. Alipouliza, akaambiwa yule mama alikufa tangu wiki iliyopita.

Jioni wakila, alishindwa kunyamaza. "Mji huu una kila kitu, lakini hauna watu. Tumelala ukuta mmoja na msiba, hatujui! Kwetu mtu akifa, mtaa mzima unajua kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto."

Idarous alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Kila mji na desturi zake, dada," alisema.

"Desturi gani hiyo ya kumficha mtu kifo? Mimi wangenifanyia hivyo, nisingewasamehe."

Alisema hivyo kwa kicheko. Idarous naye akacheka.

Mzazi alipotimiza arobaini, Mwanamkasi alijipaka hina tena, na Mwanakhamis akaja kumwona mtoto. Huyu ni mtu wa Ngamiani aliyeolewa Great Barr, mtaa mwingine wa Birmingham, na alikuwa ndiyo kwanza ametoka Tanga. Mwanamkasi alimfungulia mlango kwa vigelegele. Mwanakhamis akaitazama mikono ya mwenzake.

"Kumbe ile picha ni kweli," alisema. "Mwanamkasi, msiba wa mama haujapoa, nawe una hina?"

"Mama wa nani?"

Mwanakhamis aliweka mfuko chini na kukaa hapohapo ngazini. Alieleza pole pole, kwa kuwa sasa alikwisha kuona kosa liko wapi. Mama alikufa mtoto akiwa mchanga wa siku chache, na Idarous akapelekewa simu siku hiyohiyo. Watu walimngoja Mwanamkasi hata kwenye hitima, na Idarous akawajibu kwa barua kuwa dada amekwisha kuambiwa, ila Ulaya imemkolea. Baadaye ikafika picha ya mtoto, ikapita mkono kwa mkono, na kila mwanamke akaiona hina.

Idarous aliporudi kutoka kiwandani alimkuta dada yake jikoni akisugua viganja kwa jivu. Hina haitoki kwa jivu.

"Dada, ungefanya nini? Mama alizikwa siku ileile. Sikuzani ningemwachia nani? Na nyumba ya mzazi haiingizwi kilio."

"Mzazi alikuwa Sikuzani. Mimi nilikuwa mfiwa. Na kule ulisema nimekataa. Hilo nalo lilikuwa kwa ajili ya mzazi?"

Idarous alitazama sakafu. "Walikuwa wanauliza kila mara. Ningewajibu nini?"

Mwanamkasi alirudi Tanga na hina ikiwa bado kwenye kucha. Alieleza, watu walisema ndiyo, ndiyo, kama wanavyomjibu mtoto. Jirani mmoja alipofiwa, Mwanamkasi alikwenda na ndoo yake ya maji kama zamani. Mwanamke mmoja akaipokea mlangoni, kwa adabu kabisa. "Kaa, mama, pumzika. Wewe umezoea ya Ulaya."

Tangu hapo, kila akifa mwanamke, huitwa wengine kumwosha. Yeye hubaki kibarazani kwake na kulisikia jeneza likipita.

Idarous bado yuko Alum Rock, na mwanawe sasa anakwenda shule. Kumrudishia dada yake mkono ule uliokuwa umwoshe mama, hawezi, hilo limekwenda. Lakini kinywa anacho. Anadaiwa aje Ngamiani, akae mkekani mbele ya wanawake walewale walioishika ile picha, aseme: hakujua, mimi ndiye niliyemficha.