Siku Dada Alipopewa Kiti cha Mbele

Nilikuwa Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, nikiandika tasnifu juu ya heshima ambazo miji ya Ugiriki ya kale iliwapa wageni. Mgeni aliyeutendea mji mema, labda kwa kuleta ngano wakati wa njaa, alisamehewa ushuru, akaruhusiwa kumiliki nyumba na shamba, akapewa kiti cha mbele kwenye tamasha. Jina lake lilichongwa kwenye jiwe. Mambo hayo ndiyo niliyolala na kuamka nayo.

Dada yangu hakuyajua. Yeye alinunua nguo za watoto kwenye maghorofa ya maduka ya mtaa wa Guangyuan Xilu, huko huko Guangzhou, na kuzisafirisha Mwanza. Kipindi kile maduka ya jumla yalipokauka wateja, hakuhamia jengo jingine. Aliwapigia simu wafanyabiashara wenzake wa nyumbani, akawaleta kundi baada ya kundi kwenye ghorofa ileile aliyoizoea. Wenye maduka hawakusahau. Biashara iliposimama tena, wakaamua kumfanyia sherehe ya kumtuza.

"Mdogo wangu, njoo unitafsirie," aliniambia. "Kichina changu ni cha kuulizia bei tu."

Nikaenda, shati nimelipiga pasi. Dada akaketishwa mstari wa mbele, katikati ya wakubwa wa soko. Mimi nikasimama nyuma yake kama mtu aliyeshikishwa mwavuli. Mama mmoja mwenye duka akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba kuanzia siku ile dada hatalipia stoo wala lifti ya mizigo, na chumba cha duka kikipatikana, ataulizwa yeye kwanza. Kisha wakafunua kibao cha shaba ukutani. Jina lake lilikuwa pale, kwa Kichina na kwa herufi zetu.

Wivu ulinipanda. Miaka yote hii nasoma majina ya wageni waliokufa zamani, na mji huu haujanipa mimi hata stuli.

"Wamesema nini?" dada akaninong'oneza.

"Wamesema asante."

"Maneno yote yale ni asante tu?"

Ikabidi nimweleze yote, neno kwa neno. Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Wakati wa chakula nilimsimulia habari za Wagiriki wangu, nikitumaini ataniona na mimi nina langu. Alisikiliza kweli, huku akimenya kamba.

"Na ndugu wa huyo mgeni? Naye alipewa kitu?"

"Mara nyingi yeye na watoto wake tu."

"Pole, baba," akasema, akacheka, akaniwekea kamba kwenye bakuli. Nilimla. Kucheka kulinishinda.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama, picha za kibao zilishamfikia.

"Nimeyaona ya dada yako! Nimelia mimi! Hivi wewe unasomea nini huko?"

"Heshima walizopewa wageni, mama."

"Haya, vizuri. Hebu mpe dada yako simu."

Nikampa.