Mtani Wangu Aliniambia Mkanda wa Marehemu Mke Wangu Umeungua

Admin, jina langu lifiche, ingawa wazee tunaofungua kamera za mkanda Nachingwea hii tuko wachache, atakayenijua atanijua tu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu alinichoka kabla sijamchoka. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Naandika kwa kidole kimoja, mkiona herufi imedondoka iokoteni wenyewe.

Starehe yangu si pombe wala bao. Ni kamera za zamani, zile za kuweka mkanda. Nakwenda Mnero, nakwenda Mkotokuyana, naulizia majumbani kama kuna kamera ya babu imelala kabatini. Nyingine nakuta mende wamejenga ndani. Naifungua, nafagia vumbi kwa unyoya wa kuku, nakaza springi, mpaka ikibonyezwa ilie tena. Siku ikilia, hata mboga isiyo na chumvi naila bila kelele. Marehemu alikuwa anasema, "Ungenishika mimi kwa adabu hiyo, tungezaa timu mbili za mpira."

Mwenzangu kwenye wazimu huu ni mzee wa Ruangwa, nitamwita Mtani kwa kuwa ndivyo alivyo. Yeye Myao, mimi Mmwera, na koo zetu zinataniana tangu mababu. Huku kwetu mtani hakasirikiwi. Anachinja kuku wako na wewe unamkaribisha paja. Siku namzika mke wangu alilala chini mbele ya jeneza, akasema halipiti mpaka mfiwa acheze. Nikacheza, machozi yananitoka, watu wanacheka. Nilimpenda zaidi siku ile.

Sasa sikilizeni. Kabla mke wangu hajaugua nilitengeneza kamera moja iliyokuwa inavuja mwanga kwenye mfuniko wa nyuma. Nikakata mahameli nyeusi kwenye kofia yangu kuukuu nikaibandika pembeni kuziba mwanga. Nikaweka mkanda kuijaribu, nikampiga yeye anamenya mihogo. Akaniambia, "Kamera yenyewe maiti, unanipiga na hewa, mzee." Mkanda haukuisha, akaugua, akaondoka. Wakati ule simu yangu ilikuwa kitochi, haipigi picha. Kwa hiyo sura yake ya mwisho ilikuwa humo ndani, na huku kwetu hakuna tena wa kusafisha mikanda.

Mtani akawa anakwenda Dar kwa binti yake. Akasema nipe, kule kuna fundi bado anasafisha. Nikampa. Aliporudi alikaa kwenye mkeka wangu, akatazama chini. "Mtani, mkanda umeungua. Mweusi tii, hata sikio lake halionekani. Mwanga uliingia nyuma."

Nyuma ndiko nilikobandika mahameli yangu mimi. Niliona mikono hii imemzika mke wangu mara ya pili. Kesho yake nikafunga kamera zangu zote na vifaa kwenye sanduku, nikampelekea Ruangwa. "Chukua," nikamwambia mbele ya majirani zake, "kabla sijazitupa chooni." Akauliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Tangu hapo sikugusa tena hata bisibisi. Akija kunitembelea nailaani mikono yangu, yeye anaishika, anasema, "Bahati mbaya, Mtani."

Mwezi uliopita nilikwenda kumpa pole mkewe aliyeteguka mguu. Mtani yuko shambani Mandawa anapuliza salfa kwenye mikorosho. Mama wa watu hana habari, ananiambia, "Shemeji, mume wangu alishakupa zile picha za marehemu dada? Nyingine hizi hapa, kapendeza kweli." Akanipa bahasha.

Mke wangu huyo hapo. Kisu mkononi, mdomo wazi, ananitukana. Picha zote safi, hakuna hata doa la mwanga. Mahameli yangu ilifanya kazi yake. Na juu ya kabati lake, kamera zangu zimepangwa kama vikombe vya sherehe.

Mtani akarudi uso wote unga wa salfa. Nikamwonesha bahasha. Akakaa taratibu.

"Mtani, ulikuwa utani."

"Utani wa mwaka mzima?"

"Ulikuwa wa siku mbili. Uhangaike kidogo, nikuletee picha, tucheke. Kesho yake ukaja na sanduku."

"Ungesema hapo hapo."

"Ningesema, ungerudi nalo."

"Kwa hiyo ukachagua sanduku."

"Nilinyamaza tu. Sanduku ulinipa mwenyewe, watu wanaona."

Mkewe akajivuta na mguu wake mbovu akaingia ndani. Hakutuaga.

Picha nilichukua. Kamera ziko kwake, maana kwetu ukimpa mtani kitu huendi kukidai. Sasa ameleta ujumbe kuwa Jumamosi anakuja na wazee wa upande wake, na kuku, tucheke yaishe. Nisipocheka, mimi ndiye nimevunja utani wa mababu. Kaka yangu anasema cheka, mzee mzima unanuna kama bibi harusi. Binti yangu anasema mfungie mlango, huyo ni mwizi mwenye mila.

Wanangu, utani naujua. Nimetania watu msibani mpaka wakanirushia viatu. Lakini anayetaniwa siku zote anajua kuwa anataniwa. Mimi sikujua. Mwaka mzima nimeichukia mikono yangu, na aliyekuwa ameishika ndiye aliyejua haina kosa.

Nishaurini wenye akili, wenye matusi nao waseme, nimezoea. Jumamosi wakishakaa kwenye mkeka, wakaanza kucheka, halafu wote wakageuka kuniangalia, nifanye nini?