Samaki wa Gérard

Mgeni akiingia kwa Mama Mado, pale mtaa wa Kataki, Kalemie, kitu cha kwanza anachokiona si picha ya arusi wala televisheni, ni samaki. Akwariamu inakaa kwenye ukuta wa sebule, kisanduku cha kioo kirefu kama meza ya kulia, na ndani yake anaishi samaki mmoja tu, mweusi, mwenye ukanda wa rangi ya chungwa kiunoni. Jina lake Shefu, yaani mkubwa wa kazi. Marehemu mumewe, Papa Gérard, ndiye aliyempa jina hilo siku alipomtoa ziwani, kwenye miamba ya Zongwe, na kumleta nyumbani ndani ya sashe ya plastiki.

“Mado, huyu amefukuza wenzake wote,” alisema. “Sharti awe na biro yake peke yake, kama mkubwa wa ofisi.”

Hiyo ilikuwa mwaka 2013, na ilikuwa safari ya mwisho ya Gérard chini ya maji. Miaka mitatu baadaye kifua kilimshinda. Jovial, mtoto wao wa pekee, akapata kazi Lubumbashi na kuoa hukohuko. Nyumba ikabaki na Mado na Shefu.

Mwezi wa tano mwaka huu, Laure, mke wa Jovial, alikuja Kalemie kwa mara ya kwanza kumsalimia mama mkwe wake. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye haya kidogo, na alitaka sana kupendwa. Alifagia kabla hajaambiwa, akateka maji, akajifunza kukaanga ndakala, dagaa za ziwa lao, bila kuziunguza. Kila alipopita sebuleni Shefu alimfuata kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine, mdomo ukifunguka na kufungika, na Laure alicheka kama mtoto.

Siku ya tisa Shefu hakumfuata mtu. Alijibanza nyuma ya jiwe kubwa, kichwa kimeinama, akipumua haraka. Mado alipiga magoti mbele ya kioo akamtazama kwa muda mrefu. Tumbo lilikuwa limevimba, na nyuma yake ulining'inia uzi mweupe, mwembamba. Mado aliujua uzi ule. Ni choo cha samaki anayeoza tumbo.

“Nani alimupa chakula?” aliuliza bila kugeuka.

Laure alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. “Ni mimi, Mama. Nilimupa ndakala, kidogo tu, za kusagwa. Kila asubuhi. Nilimuona ana njaa.”

“Huyu hakuli nyama! Huyu anakula majani ya mawe, ile kijani ya kuteleza, kama vile ng'ombe anakula majani ya nchi kavu. Ndakala inamuozea ndani ya tumbo.” Kisha, kwa sauti ya chini iliyouma zaidi: “Ninyi wa Lubumbashi munajua samaki ya sahani tu.”

Laure aligeuka. Alikwenda jikoni, na Mado akasikia sahani zikigusana taratibu, moja moja, kama zinawekwa na mtu asiyeona vizuri.

Mado hakuwa na nafasi ya kujuta saa ile. Alifunika meza kwa gazeti, akatoa beseni kubwa, akalijaza kwa maji ya ziwa, bidon mbili, yale madumu ya lita ishirini. Maji ya bomba hayakufaa. Alimchukua Shefu kwa mikono miwili, si kwa wavu, kwa sababu wavu humchubua samaki mgonjwa. Akaweka ndani ya beseni kile kimpira cha pampu kinachotoa mapovu, akasaga kidonge kimoja cha metronidazole, dawa ileile ambayo watu hunywa wakiumwa tumbo, akakikoroga na chumvi kidogo. Akatandaza liputa, kitenge chake, juu ya nusu ya beseni ili mgonjwa apate giza. Kazi yote hiyo mikono yake iliifanya yenyewe, na ilipokwisha alishangaa kwamba bado inakumbuka.

Laure alikuwa amerudi mlangoni. “Mama, ulijifunza wapi?”

Mado alikaa kwenye kiti. Hasira ilikuwa imeshuka, na nyuma yake ilibaki haya.

“Kwa nyumba ya samaki,” alisema. “Ya zamani. Kaa, nikuambie.”

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoingia kazi pale, mwaka 1986. Mzungu mmoja alikuwa amejenga mabeseni ya saruji kando ya ziwa, na kutoka pale samaki wa rangi walipanda ndege kwenda Ulaya, kila mmoja katika sashe yake ya maji na hewa. Wapiga mbizi waliwakamata, wasichana waliwatunza, kila mmoja na beseni lake. Samaki wa chini hapandishwi kwa haraka. Akipandishwa hivyo hupasuka ndani. Kwa hiyo wapiga mbizi waliwaleta juu hatua kwa hatua, mita chache leo, chache kesho. Kati ya wote, aliyekuwa na subira kuliko wengine ni kijana mmoja mrefu, ambaye alitoka majini midomo imekuwa ya buluu kwa baridi.

“Nilimuletea chai,” Mado alisema. “Akaniambia, dada, hii chai haina sukari. Nikamuambia, sukari ni ya wale wanaleta samaki wazima. Kesho yake akaleta thelathini na mbili, wote wazima, akawahesabu mbele yangu. Huyo ndiye Gérard.”

Laure alicheka, na macho yake bado mekundu. Mado akamshika mkono.

“Mwanangu, lile neno la Lubumbashi, naomba ulisahau. Lilitoka kwa woga. Huyu samaki ni wa mwisho Gérard alikamata na mikono yake.”

Siku nne Shefu hakupewa chakula. Kila asubuhi walimwaga robo ya maji na kuongeza mapya, na Laure ndiye aliyekwenda ziwani na bidon, akikataa kusaidiwa. Siku ya tano ule uzi mweupe ulikatika. Siku ya sita tumbo lilianza kushuka. Lakini Shefu alipopewa jani la mchicha lililochemshwa, alilitazama tu na kugeuka.

“Anataka mawe,” Mado alisema. “Mawe yenye majani yao.”

“Nitaenda kuyaleta ufukweni.”

“Ufukweni hapa kuna mafuta ya mashua na sabuni. Mawe mazuri yako kule kwa nyumba ya samaki.” Akarekebisha liputa juu ya beseni. “Tangu tulimuzika Gérard sijafika kule.”

Walikwenda wote wawili asubuhi iliyofuata. Mado mwenyewe aliona vita vilipofika, nyumba ikafungwa, mzungu akaondoka, na mabati yakaibiwa. Alijua kwamba ziwa lilikuwa limepanda miaka ya karibuni na kumeza nyumba nyingi. Lakini kujua si kuona. Ukuta mmoja tu ulikuwa umesimama, kimo cha kiti juu ya maji, na mahali pa uwanja, pale walipokuwa wanakula ugali wa saa sita, palikuwa maji matupu, meupe kwa jua.

Mado alikunja liputa hadi magotini akaingia. Laure akamfuata, akimshika kiwiko. Maji yaliwafika mapajani. Mguu wa Mado ukagonga kitu kigumu, akainama, na uso wake ukabadilika.

“Laure, angalia.”

Lilikuwa beseni la tatu, lile lililokuwa lake. Kingo za saruji zilikuwa chini ya maji kwa upana wa kiganja, zimefunikwa na majani mabichi yenye kuteleza. Na ndani ya beseni, na kwenye kingo zake, kundi la samaki weusi wadogo lilikuwa linakula. Walikwangua saruji kwa midomo, wakaruka kando kivuli kilipowafikia, wakarudi. Hakuna aliyewaleta. Walikuwa wameingia wenyewe.

“Miaka yote ile,” Mado alisema, “tulikuwa tunawaweka humu kwa nguvu, na walikuwa wanataka kutoka.” Akaanza kucheka, kisha machozi yakamshuka bila kelele, na Laure akamwacha alie, akiwa bado ameshika kiwiko chake.

Waliokota mawe sita madogo yenye majani mengi, wakayabeba ndani ya maji ili majani yasikauke. Nyumbani Mado aliteremsha jiwe moja polepole ndani ya beseni la mgonjwa. Shefu alikaa kimya. Wakaondoka wakapika, wakala. Waliporudi, kwenye jiwe palikuwa na mistari myembamba, myeupe, kama imechorwa kwa kucha.

“Amekula!” Laure alipiga kelele hadi jirani akachungulia dirishani.

Wiki iliyofuata Shefu alirudi kwenye akwariamu. Laure aliahirisha safari yake mara mbili, na Jovial akapiga simu kuuliza kama bado ana mke. Alipoondoka hatimaye, kulikuwa na jiwe moja kavu ndani ya mkoba wake, ambalo aliliomba mwenyewe.

Siku hizi kila Jumamosi Mama Mado anakwenda kwenye nyumba ya samaki kubadilisha mawe. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Yeye hukaa pale juu ya ule ukuta hadi jua liwe kali, miguu ndani ya maji, akiwataja kwa sauti wale wasichana wa zamani, jina kwa jina, na beseni la kila mmoja.