Paka Aliruka, Sisi Tukashushwa

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, jua la asubuhi limeshaanza kuchoma, nami nina mimba kubwa ya mtoto wangu wa kwanza. Tulikaa ghorofani, katika mtaa wa Bwiza: mimi, mume wangu Hamisi na mama yake, Mama Mwajuma, mwanamke mnene aliyekuwa akicheka kwa mwili mzima. Risasi zililia mtaani, zikanyamaza, kisha duka la chini yetu likashika moto. Tulipofungua mlango wa ngazi, moshi ukaturudisha ndani.

Tukakimbilia balkoni. Paka wetu alikuwa ametangulia. Akaruka, akatua kwa miguu minne, akajitikisa, akaenda zake kama anayewahi sokoni.

"Umeona?" Hamisi akasema, mguu mmoja tayari juu ya ukingo. "Turuke! Mi natangulia, nitakudaka."

Mama Mwajuma akamvuta shati. "We Hamisi, paka ndiye mama yako? Mama yako ni mi! Angalia hizi kilo!"

Mwanangu, nilicheka huku nakohoa. Lakini mama mkwe hakuwa anatania tu. Alikuwa ameuza utumbo machinjioni tangu ujana, na wanyama aliwajua.

"Panya anaanguka toka darini, anakimbia. Mbuzi akianguka hapa, mguu umeisha. Ng'ombe akiteleza kwenye lori, na lori si refu, apana, hainuki tena. Mwili ukiwa mukubwa, ardhi inaupiga zaidi. Na huyu binti ni watu wawili!"

Akarudi ndani, akafungua sanduku lake, akatoa vitenge vyote, hata vile alivyoviweka kwa sikukuu. Akavifunga kimoja kwa kingine kuwa kamba, akavilowesha ili mafundo yakaze. Hamisi akatupa godoro chini, na majirani wawili, Yusufu fundi wa baiskeli na Kabura, wakaja kusimama chini kutupokea.

"Mi kwanza," akasema mama mkwe. Tukashangaa. "Muzito anashuka wakati mikono ya juu iko mingi. Mukinibakiza, nani atanishika?"

Tukamfunga kamba ya vitenge kifuani, tukaizungusha kwenye nguzo ya balkoni, tukamshusha polepole, naye anapiga kelele, "Kabura, funga macho, niko na sketi!" Kisha nikashuka mimi. Mwisho Hamisi, mwembamba kama ufito, akafunga kamba ile kwenye nguzo, akateleza nayo mpaka chini. Nyumba iliungua. Sisi tulisimama barabarani wazima, na Zuhura wangu akazaliwa bila kasoro.

Basi mwanangu, ukiona mwenzako ameanguka katika kazi au ndoa, akasimama siku hiyo hiyo, usijirushe kwa kumtazama yeye. Tazama kwanza wewe umebeba nini. Asiye na mzigo anaweza kuruka. Wewe mwenye watoto, mwenye wazee wa kutunza, shuka polepole, na ita watu mapema, wakati bado wapo. Kuomba kushikwa si aibu; Mama Mwajuma alishuka mbele ya mtaa mzima, tena anacheka.

Mungu akujalie mikono ya kukushikilia juu na mikono ya kukupokea chini, na akufikishe salama popote unaposhuka. Amina.